Maiti Iliyopewa Jina Haraka

Maiti ilionekana Jumatatu asubuhi, chini ya shimo la dhahabu lililoachwa kule Osiri. Aliyeiona ni Gisiri, mchimbaji aliyeshuka kutafuta nyundo yake iliyodondoka humo. Fuvu lilikuwa limepasuka, uso hautambuliki, na nyundo hiyo ilikuwa kando ya kichwa. Kabla ya saa sita wachimbaji walikuwa wameshaamua muuaji ni nani. Sajini Metrine, mpelelezi kutoka Migori, alimtoa Gisiri pale kwa shida.

"Afande, ni mimi niliita watu," Gisiri alisema ndani ya gari. "Muuaji anaita watu?"

"Wengine huita."

Maiti ilivaa jezi ya kijani iliyoandikwa JAVAN mgongoni. Jezi hiyo ndiyo iliyomleta Mama Rispa kutoka Mbita, akishikwa mkono na mwanawe mkubwa, Joash. Javan, mdogo wake Joash, alikuwa ametoweka tangu masika. Joash alisema ameenda Osiri kuchimba dhahabu. Baadaye alikuja mwenyewe kumtafuta, akashuka hadi kwenye mashimo yaliyoachwa. Mama yao hakuacha kuuliza: kwa wavuvi, kanisani, hata redioni.

Mochwari, Rispa hakuutazama uso. Aliishika jezi, kisha mkono wa marehemu, akaupapasa kwa muda mrefu.

"Ni yeye. Nyathina, mtoto wangu. Alianguka kwenye mawe kisiwani Rusinga akiwa mdogo, mkono ukavunjika, nikaufunga kwa vijiti. Leo amelala hapa."

"Tungesubiri vipimo vya DNA, Mama," Metrine alisema.

"Mama hajalala tangu masika, Afande," Joash akajibu kwa upole. "Mwache azike."

Metrine akakubali. Kesi iliyobaki wazi ilimnyima usingizi, na sasa alikuwa na maiti, jina, nyundo na mtu wa kushtaki. Daktari alimwambia kwamba marehemu hakuwahi kuvunjika mfupa wowote ila hilo fuvu. Akaongeza kwamba fulana ya ndani ilikuwa imeraruka mgongoni na kuganda damu, ilhali jezi iliyokuwa juu yake ilikuwa nzima. Metrine akaitikia, "Sawa, daktari," akaenda zake.

Ijumaa, Gisiri alimwita kutoka seli.

"Huyo Javan simjui. Nitafutie mtu mmoja tu aliyewahi kumwona Osiri."

Metrine alienda Osiri ili amnyamazishe. Aliuliza hotelini, akauliza wanawake wanaosaga mawe, akauliza wachimbaji waliotaka kumpiga Gisiri. Wote walimjua Javan kama "yule aliyeuawa". Hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai.

"Sasa nani aliwaambia alikuwa hapa?"

"Si ni kaka yake."

Metrine akakumbuka maneno ya daktari. Mkono ambao haukuwahi kuvunjika. Jezi nzima juu ya fulana iliyoraruka. Mtu huyu alianguka akararuka mgongo kwenye mwamba, na jezi akavalishwa akiwa tayari maiti. Alipiga simu kwa Rispa, haikushikwa. Mazishi yalikuwa kesho yake.

Alipofika Mbita siku iliyofuata, jeneza lilikuwa uani na mhubiri ameshaanza.

"Mama, naomba usizike," alisema.

Joash akamkabili. "Afande, hapa ni msiba."

"Javan alivaa ile jezi lini mara ya mwisho?"

"Siku aliyoenda Osiri."

"Osiri hakufika. Na huyu aliye kwenye jeneza hakufa akiwa na jezi hiyo. Alivalishwa. Nani alikuwa nayo?"

Aliyejibu ni Lorine, mke wa Javan, akiangalia chini.

"Ilikuwa kwangu. Niliifua Javan akiwa ameshaondoka. Joash akaniomba, akasema ataonyesha watu akimtafuta. Nilipoiona kwa maiti, nilijiambia labda alikuwa na nyingine. Nilitaka iishe, Afande."

Watu walisogea. Joash akaketi chini.

"Tuligombania boti ya baba," alisema. "Tukiwa ndani, ziwani. Alisema mimi si mtu wa kuachiwa chochote. Nikampiga na kasia, akaanguka, hakuibuka. Nikasema ameenda Osiri. Lakini Mama hakuacha kuuliza, na wavuvi wakaanza kukumbuka nani alitoka naye siku ile. Huyu nilimkuta shimoni amekufa. Nikaona Mama akipata wa kuzika, ataacha."

"Na Gisiri afungwe," Metrine alisema.

"Sikumfikiria."

Askari wawili walimwinua. Rispa alikuwa bado hajalia.

"Pale mochwari nilitafuta kifundo cha ule mfupa uliovunjika," alimwambia Metrine. "Sikukipata. Nikajiambia vidole vyangu vimezeeka."

"Mimi niliambiwa na daktari, Mama. Nikaitikia tu."

Rispa akamgeukia Joash. "Ni upande gani?"

Joash alinyoosha kidole kuelekea maji, ng'ambo ya Rusinga. Mama akatazama huko mpaka Joash akachukuliwa.

Jeneza lilipopakiwa kurudi Migori, Rispa alivua leso yake mabegani akalifunika.

"Huyu naye kuna mama anayemuulizia mahali fulani. Mtafutie watu wake."

"Sijui kama nitawapata, Mama."

"Ukiulizwa, useme hivyo hivyo, kwamba hujui," Rispa alisema. "Lakini usimpe jina la mtu mwingine tena."