Krapi wa Ziwa Pettaway

Kila Jumamosi ya majira ya kuchipua, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Verlinda Tubbs alisikia babu yake akikohoa jikoni na kukoroga kahawa. Hakuna aliyemwita. Kile kikohozi ndicho kilichomwita. Alivaa suruali ya jana, akashika mkate wake uliopakwa asali ya miwa, akapanda pikapu ya bluu iliyofungwa mashua ya bati nyuma.

Mjini kwetu Ashby, huku Mississippi, kusini mwa Marekani, watu wengi waliishi hivyo siku zile. Miti ya porini ikitoa maua meupe, ilijulikana kwamba krapi wamesogea karibu na ukingo kutaga mayai. Krapi ni samaki bapa, mwenye madoa meusi, na nyama yake ni tamu kuliko ya samaki yeyote wa maji baridi. Mdomo wake ni mwembamba kama karatasi. Ukivuta kwa pupa, unabaki na ndoana tupu.

Verlinda alikuwa na miaka kumi na miwili, na mkono wake haukuwa na pupa. Mzee Hosea Tubbs, babu yake, alimfundisha vizuri. Tatizo lilikuwa samaki wenyewe. Sheria ya jimbo ilisema krapi asiyefika inchi kumi arudishwe majini, na Babu alikuwa amechora alama ya rangi nyekundu kwenye kiti cha mashua ili kuwapimia.

"Pima huyo," Babu alisema.

"Hajafika, Babu."

"Mnyooshe vizuri."

"Nimemnyoosha. Nikizidi hapo atakatika."

Babu alicheka hadi mashua ikayumba. "Haya, mrudishe kwa mama yake."

Asubuhi nzima ilikuwa hivyo. Walivuta, wakapima, wakarudisha. Samaki walikuwa tele, wanauma chambo kabla hakijazama, lakini walikuwa wembamba, wenye vichwa vikubwa na matumbo yaliyobonyea. Jua lilipopanda, kisanduku cha barafu kilikuwa na krapi wawili au watatu tu.

Hata hivyo, walipofika kwenye duka la chambo la Mama Clotile, pale karibu na gati, habari ilibadilika.

"Za majini, Mzee Hosea?" aliuliza Mama Clotile, huku akichota visamaki vya chambo kwenye ndoo.

"Usiniulize, dada yangu! Mkono unaniuma kwa kuvuta. Madume matupu!"

"Hata jana walikuwa hivyo hivyo," Mama Clotile aliitikia. "Mume wangu alishindwa kuwabeba."

Verlinda alimjua mume wa Mama Clotile. Jana yake alimwona akirudi na kopo lake la chambo, bila samaki hata mmoja. Lakini aliwasikiliza wazee na kutabasamu, kwa sababu mazungumzo yale yalikuwa matamu kama wimbo uliozoeleka. Kila mtu alitia chumvi yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake samaki wako wapi.

Walikuwa na sababu yao. Zamani za babu zao, Pettaway lilikuwa ziwa pekee ambalo watu weusi wa upande ule waliweza kuvua bila kufukuzwa. Watu walibatizwa pale na kuchumbiana pale, na miaka ya njaa ziwa lile liliwalisha. Kulisema vibaya ilikuwa kama kumsema vibaya mama mzazi.

Halafu kulikuwa na Shemasi Lonzo Beard. Huyu alitoka upande wa Ziwa Corley, mwendo mfupi kwa gari, na hakuacha kupita dukani kuchokoza watu.

"Nasikia nyie mnakaangia krapi kwenye kijiko," alisema siku moja, akiegemea mlango.

"Nenda zako, Lonzo," Babu alijibu. "Ziwa lenu mtu anakaa hadi ndevu zinaota ndipo samaki anauma ndoana mara moja."

"Kweli. Lakini hiyo mara moja, mzee wangu, ni mlo!"

Duka zima likacheka, Babu akiwa wa mwisho.

Jumamosi moja mwezi wa nne, walimkuta mgeni kwenye gati. Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira na ubao wa kupimia samaki. Alijitambulisha kwa jina la Nadine, mtumishi wa ofisi ya wanyama na samaki ya jimbo. Alikuwa akizunguka kwenye maziwa, akiwauliza wavuvi wamepata krapi wangapi, na kati yao wangapi wamefika kipimo.

Verlinda alisogea karibu na ule ubao. "Dada, kwa nini unauliza kila ziwa? Si krapi ni krapi tu?"

"Hapana, mdogo wangu," Nadine alisema. "Kule Corley, kati ya kila kumi wanaovuliwa, saba au nane wanafika kipimo. Ziwa jingine nililotoka juzi, wanafika watano. Yako maziwa ambako hafiki hata mmoja."

"Hayo yana nini?"

"Mara nyingi samaki wamekuwa wengi kupita chakula. Wanagombania kilichopo na wote wanadumaa. Unaona samaki mdogo ukidhani ni mtoto, kumbe ni mzee kama wale wakubwa wa ziwa la pili. Tukijua hivyo, tunabadilisha sheria. Watu wanaruhusiwa kubeba hata wadogo, na wanaobaki wanapata nafasi ya kunenepa."

"Na msipojua?"

"Tunaiacha sheria kama ilivyo. Leo wote hapa wameniambia karibu kila samaki anafika, kwa hiyo Pettaway halina haja."

Verlinda aliwakumbuka samaki wa asubuhi ile. Vichwa vikubwa, matumbo yaliyobonyea. Aligeuka kumtafuta babu yake, naye alikuwa tayari amefika na kisanduku mkononi, nyuma yake Mama Clotile na wavuvi wengine, na Shemasi Lonzo akimenya chungwa.

"Mzee, leo umevua wangapi?" Nadine aliuliza.

"Wengi, binti yangu. Karibu wote wamefika."

Nadine aliandika. Verlinda alitazama kalamu ikitembea, na maneno yakamtoka.

"Babu, si tumewarudisha karibu wote?"

 Shemasi Lonzo akapasuka kwa kicheko hadi chungwa likamdondoka. "Mtoto kasema! Kijiko, sikuwaambia?"

Babu hakumtazama Verlinda. Alifungua kisanduku, akamwonyesha Nadine samaki wake wachache, akakifunga, akaenda kwenye pikapu.  Njiani kurudi nyumbani, redio ambayo siku zote alipenda kubishana nayo, aliizima.

Jumamosi iliyofuata Verlinda hakusikia kikohozi. Alichosikia ni pikapu ikiondoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri. Alikaa kitandani na suruali yake imeshavaliwa. Kwake, adhabu ya fimbo ingekuwa nafuu. Alilia kimya kimya, huku akijiuliza kama ukweli mmoja ulistahili kumpoteza Babu.

Siku ile Babu alirudi mapema. Verlinda alikuwa barazani akimenya maharage, na Babu akavuta kiti, akachukua konzi yake ya maharage na kuanza kumenya naye.

"Nimevua peke yangu," alisema baada ya muda. "Nimepima mwenyewe. Unajua nimefanya nini? Nimejikuta namnyoosha samaki hadi namwonea huruma."

Verlinda hakujua kama acheke. "Nisamehe, Babu. Sikutaka wakucheke."

"Ngoja nikwambie. Baba yangu alikuwa akinipeleka Pettaway kwa miguu, mimi nikiwa mdogo kuliko wewe. Tulibeba fito mbili za kuvulia tu. Jioni alikuwa akirudi na krapi wa kujaza sinia la mama yangu, kila mmoja mpana kama kitabu cha nyimbo. Mama alikuwa akiwapaka unga wa mahindi, nami nasikia mafuta yakilia hadi kule kwenye banda la kuni." Alimenya ganda jingine. "Yule binti aliponiuliza, mimi nilimjibu kwa samaki wa baba yangu. Hao ndio ninaowaona kila nikitupa ndoana. Lakini hawapo tena, Verlinda. Wewe ulimjibu kwa samaki waliopo."

"Basi umenisamehe?"

"Nilikasirika kwa aibu, na aibu haikuwa yako. Nisamehe wewe kwa kukuacha kitandani."

Jioni ile Babu alipita nyumba kwa nyumba. Sijui aliwaambia nini, ila wapo waliokasirika na wapo waliomfungia mlango. Lakini Nadine aliporudi, alikuta mashua nyingi zimefungwa gatini, kila moja na neti yake imezamishwa majini, ndani yake samaki wote wa asubuhi ile wakiwa hai, wadogo kwa wakubwa.

"Binti yangu," Babu alimwambia mbele ya watu, "mara ya kwanza nilikudanganya. Wapime hawa wote kabla hatujawarudisha."

Mama Clotile naye akainua neti ya mumewe. "Na huyu wangu usimwamini tena. Pima!"

Nadine alipima hadi mikono ikanuka magamba, Verlinda akimsogezea samaki na kuwarudisha majini haraka. Kati ya kila kumi, ilikuwa bahati kumpata mmoja aliyefika. Shemasi Lonzo alikuwepo, lakini siku ile hakucheka. Alivua kofia, akamsaidia mzee mmoja kuvuta neti yake.

Mwaka uliofuata sheria ya Pettaway ilibadilika. Tuliruhusiwa kubeba krapi wa ukubwa wowote. Kiangazi kile nyumba zote za Ashby zilinuka samaki. Tulikula vikrapi vilivyokaangwa hadi hata mifupa ikatafunika, tukawapelekea wajane na wagonjwa. Mpaka leo nikisikia mafuta yakilia jikoni, naiona ile mitaa, milango iko wazi na watoto wana midomo inayong'aa.

Mabadiliko hayakuja upesi. Majira mawili ya kuchipua yalipita samaki ni wale wale, na wapo walionung'unika kwamba tumejidhalilisha bure. Majira ya tatu Verlinda alivuta ufito akahisi uzito ambao hakuujua. Babu alimtazama yule samaki, mgongo umenona, tumbo limejaa, akamweka kwenye alama nyekundu. Mkia ulipita.  Alitoa leso, akajifuta uso mzima, akisema ni jasho, na jua lilikuwa halijachomoza.

Nadine alipokuja kupima tena, zaidi ya nusu ya krapi wa Pettaway walifika kipimo. Jumapili ya sikukuu ya kanisa tulikaanga samaki uani, na hata watu wa Corley walialikwa. Mchungaji alimwomba Mzee Hosea aombee chakula. Mzee akasimama, akamvuta Verlinda karibu yake, akatutazama sisi watoto tuliokaa kwenye nyasi.

"Kabla ya kuomba nina neno," alisema. "Mimi nililipenda ziwa hili, nikalisifia mambo ambayo halikuwa nayo, na kwa sifa zangu likaendelea kudhoofika. Huyu mtoto alilipenda vile vile, akasema linaumwa, na ndiyo maana likatibiwa. Kusema kweli kuhusu kitu usichokipenda ni rahisi. Nyie jifunzeni kusema kweli kuhusu mnachokipenda, na mtu akikwambieni kweli hiyo, msimwache nyuma kama mimi nilivyofanya."

Watu waliitikia "Amina" wakidhani maombi yamekwisha.

"Bado sijaomba," Babu alisema. "Lakini haya, kuleni. Samaki wanapoa, na Mungu ameshasikia."