Kanisa Halikusema Vile

Nilikuwa juu ya ngazi, napaka rangi chumba tutakachohamia baada ya harusi, mchumba wangu aliposimama mlangoni na simu mkononi.

"Katekista, shuka."

Akiniita kwa kazi yangu, najua nimeharibu. Akanisomea ujumbe wa kaka yake:

"Dada, harusini sitakuja. Shemeji kasema mbele ya mama kwamba Kanisa limeshanifuta. Sitaki kuwatia nuksi."

Ni kweli. Jumapili, mezani kwa mama yao, kaka yake alituambia anavutiwa na wanaume. Mama akanigeukia mimi, mwalimu wa dini, nami nikatamka kama hakimu.

"Hayo ya kumfuta yameandikwa wapi?"

"Mpenzi, mafundisho yako wazi..."

"Sijauliza kama yako wazi. Nauliza ukurasa."

Nikafungua Katekisimu yangu. Akasubiri, mikono kiunoni.

"Inasema matendo hayo hayakubaliki, na kwamba mtu anaitwa kuishi usafi wa moyo."

"Hilo kaka analijua kabla yako. Endelea."

Nikaendelea kusoma. "Apokelewe kwa heshima na huruma. Asibaguliwe isivyo haki."

"Na kufutwa?"

"Hakuna."

Akachungulia kitabu. Penseli yangu ilikuwa imepita mara mbili chini ya maneno ya kwanza. Chini ya haya ya huruma, karatasi ilikuwa safi.

"Sasa hayo ya kufutwa uliyatoa wapi?"

"Kwangu mwenyewe. Niliogopa watu watasemaje. Maoni yangu nikayavika kanzu ya padri."

"Mtu anayekosea naweza kuolewa naye. Anayesingizia Kanisa ili asionekane mwoga, hapana."

Masikio yakiniwaka, nikapiga simu.

"Shemeji, ni mimi."

"Umepiga kunizika mara ya pili?"

"Nilikuongopea. Kanisa halijakufuta. Yale yalikuwa yangu. Nisamehe."

Akasema polepole, "Tangu Jumapili mama ananitengea sahani ya peke yangu. Neno lako kwake ni kama limetoka altareni. Umenitukana mezani, unaniomba radhi sikioni?"

Niliona aibu hata kupumua.

"Kesho nitakuja. Nitamwambia mama mbele yako."

"Njoo na kitabu. Atabisha."

Akakata.

"Na harusi?" nikamuuliza mchumba wangu.

"Kwanza kesho."

Akafunika kopo la rangi. Nusu ya ukuta ilikuwa bado.