Ukurasa wa Kwaya

"Hebu soma hapa, kaka yangu. Soma kwa sauti."

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa watu, kama kawaida ya msimu wa mitihani. Mwalimu mmoja wa kike aliyesimama mbele ya mashine alivaa gauni la buluu la mikono mirefu, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye kiwiko. Alishika masomo ya biolojia yaliyonakiliwa asubuhi kwa ajili ya darasa lake la jioni.

Fundi wa mashine, kijana mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Nakala, alisoma: "'Wenye sauti ya besi waje mapema. Kila mtu aje na maji yake ya kunywa.'" "Samahani, dada. Hii ni ya kwaya yetu. Imechanganyika na karatasi zako."

"Imeingia kwenye nakala zote! Ukurasa wa nne, katikati ya DNA!"

"Nitazitoa sasa hivi."

Foleni nzima ikacheka. Mwalimu alijikaza, akashindwa, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Acha. Umenipa mfano."

Jioni ile Nakala alikwenda darasani kuomba radhi, akakaa nyuma. Mwalimu aliinua ule ukurasa.

"Ndani ya mwili wetu kuna maandishi marefu yanayoitwa DNA," alisema. "Humo mna vipande vinavyohama. Vingine hujinakili na kujipachika pasipo pao, kama kwaya hii. Vingi havifanyi lolote. Vingine huharibu, vikaleta maradhi. Lakini vichache, baada ya vizazi na vizazi, mwili huvipa kazi. Karibu nusu ya maandishi yetu yametokana na wahamaji hao."

Kesho yake Nakala alijiandikisha katika darasa hilo. Haukupita muda simu kati yake na Mwalimu zikaanza.

"Umekula, Bwana Besi?"

"Sijala. Nasubiri uniambie nile nini."

"Kula ulichopika. Mimi si mkeo."

"Umesahau kusema 'bado'."

Akacheka. "Haya. Bado."

Siku Nakala alipompeleka nyumbani kwa mama yake, Mwalimu alivaa gauni jeupe lenye vifungo vya kahawia, alilolipiga pasi mara mbili. Mama alimkaribisha vizuri, akammiminia chai, akamsifu kwa macho yake ya upole. Ndipo akauliza, "Na baba yako ni nani, mwanangu?"

"Simjui, mama. Wala aliyenizaa simjui. Nilichukuliwa nikiwa mchanga. Aliyenilea ndiye mama yangu."

Mama aliweka kikombe chini. "Pole, mwanangu. Lakini ukoo si njia panda. Damu nisiyoijua nitaiingizaje humu?"

Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini. "Mama, hata kondo la nyuma lililomlisha huyu tumboni mwako lilijengwa kwa msaada wa jeni iliyotoka kwa virusi vya zamani sana. Iliingia kabla hatujawa watu. Ilikuwa ngeni, leo inatulea."

"Unaniambia mwanangu nilimzaa kwa msaada wa virusi?"

Siku nyingine wangecheka wote watatu. Mwalimu alimgeukia Nakala. "Na wewe unasemaje?"

Nakala alitazama kikombe chake. Kimoyomoyo alikuwa akimwomba Mungu alainishe moyo wa mama yake. Hakukumbuka kujiombea ujasiri yeye mwenyewe.

"Mama ana wasiwasi tu," alisema.

Mwalimu alisimama, akashukuru kwa chai, akaondoka.

"Mpenzi, nilinyamaza ili mambo yasiharibike," Nakala alimwambia kwenye simu.

"Yaliharibika uliponyamaza."

"Nitaongea naye."

"Mama yako hakuniumiza, kipenzi. Maneno kama yale nimeyasikia tangu utotoni, nimeota sugu. Lakini nilikuja pale nikijua nina mtu mmoja upande wangu. Nikageuka, hayupo."

Nakala alichelewa, lakini alisema. Mvua zilikuwa zimekwisha siku aliyomkabili mama yake na kumwambia yote bila kupandisha sauti. Mama alilia, akajipangusa kwa kanga, akasema, "Mlete binti wa watu nimwombe radhi."

Alikimbia hadi chumbani kwa Mwalimu. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Vitabu vilikuwa ndani ya maboksi. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali.

"Mama amekubali! Nimesema naye."

"Namshukuru Mungu," alisema Mwalimu, na alishukuru kweli. "Sasa najua unaweza."

"Basi baki."

"Nikibaki, kila watoto wetu watakapokosea na damu yangu ikatajwa, nitakutazama usoni, nione kama unanyamaza." Akampangusa machozi kwa mkono wa gauni lile la buluu. "Nakupenda, Bwana Besi. Usinisindikize. Ukinisindikiza nitarudi."

Hakumsindikiza. Alipiga magoti kwenye kile chumba kitupu, na maneno ya sala hayakuja.

Muhula mpya ulipoanza, mzee mmoja mwenye miwani aliweka karatasi juu ya meza ya duka.

"Haya masomo ameniachia mwalimu aliyehama. Ninakilie, ni ya darasa la jioni."

Nakala alifunua. Ukurasa wa nne: wenye sauti ya besi waje mapema. Pembeni, kwa mwandiko alioufahamu, ilikuwa imeandikwa namba nne na kuzungushiwa duara. Ukurasa uliokuwa wa nne zamani sasa ulikuwa wa tano, na zote zilizofuata zilikuwa zimesogezwa.

"Huo sikuuelewa," alisema mzee. "Nadhani uliingia kwa makosa. Utoe tu."

Nakala aliulaza juu ya kioo, akaunyoosha kwa kiganja kama anayemfunika mtoto.

"Uliingia kwa makosa, mzee wangu," alisema. "Lakini sasa ni wa humu."

Akafunga kifuniko. Mwanga ukapita chini yake polepole, na nakala ya kwanza ikatoka, ikiwa bado na joto.