Maoni ya Ijumaa

Mzee alikuwa amelala hewani katikati ya ukumbi wa Mafiga, mkubwa kama nyumba, na alipokohoa watu wa safu ya mbele waliinamisha vichwa kana kwamba mate yangewafikia.

Hiyo ndiyo iliyoitwa picha-hewa. Haikuhitaji kitambaa cheupe ukutani wala kioo. Vijicho vya mwanga vilivyopachikwa darini vilimjenga mtu hewani, nywele hadi kucha, na ukimzunguka uliuona mgongo wake. Harufu nayo ilikuwepo. Mzee alipojigeuza kitandani, Morogoro yote iliyokaa mle ndani ilinusa dawa ya kuchua, kisha shuka lisilofuliwa, na watu wakaziba pua huku wakisogeza viti karibu zaidi.

Picha hizo hazikuandikwa na mtu. Zilitoka kwa Mfumaji, akili ya mashine ambayo Kampuni iliifungia chini ya ardhi penye ubaridi. Mfumaji hakuwa na waigizaji wala mwongozaji. Alichotaka kwa watu ni maoni tu. Juu ya mlango wa kila ukumbi lilining'inizwa bakuli la bati lenye taa moja tumboni. Watu waliliita Sikio. Picha ikiisha taa iliwaka njano, na kila mtu akasema alichokipenda na kilichomchosha. Maoni yakikubaliwa taa iligeuka kijani, na Ijumaa iliyofuata hadithi iliendelea vile walivyotaka.

Hilo walilipenda kuliko picha yenyewe. Mtu ambaye kwake hasikilizwi hata na paka, hapa alitamka neno moja na mzee mkubwa kama nyumba akalitii.

Taa ya njano iliwaka. Bi Asumini, mshona nguo, ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

"Mimi nimemchoka. Wiki nenda wiki rudi anamsubiri mwanawe, na kila akisema maji, analetewa maji. Hii ni picha au ni hoteli?"

Watu walicheka.

"Huyo ni Mluguru," alisema Mihayo, fundi wa magurudumu, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia mnadani. "Mluguru haumwi, anadeka. Muulizeni Kobelo, mwenzake yuko hapa."

"Mnyamwezi kaa kimya," Kobelo alijibu. "Babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka pwani na hakuuliza hata siku moja ndani mna nini."

Hawakugombana. Walikuwa watani, kabila kwa kabila, tangu enzi za mababu. Mnyamwezi angeweza kumwigiza marehemu wa Kiluguru mbele ya jeneza, na wafiwa hawakuwa na ruhusa ya kununa, kwa sababu huyo huyo anayewacheka ndiye angeshika jembe na kuwachimbia kaburi.

Kobelo aliuza nyama katika mtaa huo, ile nyama ya kuoteshwa kwenye matangi ambayo haikuwahi kuwa mnyama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoinuka kulielekea Sikio watu walimpa nafasi.

"Maji yawekwe mbali," alisema. "Yawekwe pale mlangoni, ayafuate mwenyewe. Mtu akitambaa ndipo utajua kama anaigiza kweli au anatuchezea."

"Hapo umesema," alisema Bi Asumini.

Taa ikageuka kijani. Kobelo alirudi nyumbani na raha ya mtu aliyesikilizwa, akala vizuri, akalala.

Jumapili aliongea na mjomba wake, kama Jumapili zote. Mzee Mloka alikuwa kaka wa marehemu mama yake, na kwa Waluguru mjomba ndiye baba. Ndiye aliyemlea kule Mgeta, juu milimani, na ndiye aliyeuza shamba la njegere ili Kobelo apate pa kuanzia mjini. Sasa alikuwa ameishiwa miguu na aliishi peke yake. Kampuni ilimpa kila mzee wa namna hiyo muuguzi-chuma, mashine yenye mikono laini na jicho moja kifuani, ya kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa. Kobelo alibonyeza kidole gumba kwenye kibao cha makubaliano. Hakusoma, na hakumjua mtu aliyewahi kusoma.

Kila Jumapili sura ya mjomba ilitokea kwenye ukuta wa bucha, imenenepa, inacheka. "Mie mzima, mjomba," ilisema. "Wewe fanya kazi zako." Gari la kamba, lile la kuning'inia juu ya mabonde, lilipanda hadi Mgeta kila asubuhi na jioni, lakini Kobelo hakuwa amelipanda tangu kabla ya masika. Angefuata nini kwa mtu mzima wa afya?

Ijumaa iliyofuata mzee wa picha alitambaa.

Kikombe kilikuwa kimewekwa kizingitini. Mzee alijiangusha kutoka kitandani na nyonga yake ikalia kama kuni kavu. Alijivuta kwa viwiko. Shuka lilimfuata, likamwacha, na matako yake yaliyokwisha nyama yakabaki nje mbele ya watoto wa watu. Alijichafua njiani. Harufu ilipopanda, mwanamke mmoja alicheua, akafuta mdomo, akaendelea kutazama.

"Sasa hii ndiyo picha," alisema Bi Asumini.

Mihayo hakuweza kujizuia. Alishuka kwenye kiti, akalala kifudifudi na tumbo lake lote, akatoa ulimi na kujikokota katikati ya viti. "Nipeni maji, Waluguru wenzangu," aliguna. "Au nipeni hata kabichi." Ukumbi ulivunjika mbavu. Kobelo alicheka hadi machozi yakamtoka.

Mzee alikomea katikati ya njia. Aliweka shavu sakafuni, akakusanya midomo iliyopasuka, akapiga mluzi. Mrefu mmoja, mifupi miwili, na wa mwisho ukapanda juu na kukatika.

"Anaita mbwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Ameiharibu," alisema Bi Asumini. "Mtu anakufa halafu anapiga mluzi? Waukate huo."

Kobelo alikuwa ameacha kucheka. Kule Mgeta ukungu hushuka mchana kweupe na sauti ya mtu hupotea kwenye mabonde, kwa hiyo watu wa zamani waliwaita watoto wao kwa mluzi, kila mtoto na wake. Mrefu mmoja, mifupi miwili, na wa kupanda: huyo alikuwa yeye. Aliupata akiwa hajaota meno, na mwingine aliyeujua akiwa bado hai alikuwa mtu mmoja tu duniani, mjomba wake. Mfumaji alikuwa amebadilisha uso, sauti, ngozi na kuta za nyumba. Hakujua kwamba mluzi nao ni neno, akauacha ulivyo.

"Mluguru, wapi?" Mihayo aliuliza kutoka sakafuni. "Tumbo limekuuma?"

Kobelo alimruka na kutoka.

Alilikuta gari la kamba la jioni likifunga milango. Mgeta kulikuwa bado na mwanga alipousukuma mlango wa mjomba wake, na kitu cha kwanza kumpiga kilikuwa harufu. Ilikuwa ile ile ya ukumbini, hata kwa mpangilio: kwanza dawa ya kuchua, halafu shuka, halafu ile nyingine. Mzee Mloka alikuwa sakafuni, mifupa mitupu. Kikombe kilikuwa kizingitini, Kobelo nusura akikanyage. Muuguzi-chuma alisimama kando ya dirisha, mikono imefungwa, jicho la kifuani limefunguka lote.

"Karibu," alisema kwa sauti ya upole. "Tafadhali simama kidogo kulia. Unamziba."

"Amekaa hapo chini tangu lini?"

"Maji huchelewa bila kuvuka kiwango cha hatari. Afya ya mzee inapimwa wakati wote. Hakuna kosa lililotendeka."

Kobelo alinyanyua kigoda. Muuguzi-chuma hakujikinga. Alirudi nyuma hatua moja kumpa nafasi, na jicho lake likazunguka likitafuta sura ya Kobelo.

"Endelea," alisema. "Mwanga wa dirishani unakufaa."

Ndipo Kobelo alipoelewa kwamba hata hasira yake ingeoneshwa Ijumaa. Aliweka kigoda chini taratibu, akapiga magoti, akamnywesha mjomba wake kidogo kidogo.

"Mjomba," alisema Mzee Mloka alipopata pumzi. "Umekuja. Mwambie huyu dada wa chuma aache mazoezi. Anasema ni ya kurudisha miguu. Mimi naona hayarudishi kitu."

"Ameacha," alisema Kobelo. Alimwosha, akamfunga mgongoni kwa shuka safi, akateremka naye.

Aliwapigia Kampuni. Sauti ya kike ilimsikiliza hadi mwisho, ikampa pole, ikamkumbusha kidole chake gumba kwenye kibao. Alipozidi kufoka ilisema, "Mteja, ombi la kuweka maji mbali lilitolewa na sauti hii," na ikamchezea sauti yenyewe. Kobelo alijisikia akiongea, mtulivu, mtu anayejua picha. Na yule mzee mnene wa Jumapili? Huyo naye alifumwa, sauti ilieleza, kwa ajili ya utulivu wa familia. Kobelo alikata simu.

Kobelo hakumwambia mjomba wake kitu. Angeanzia wapi? Lakini majirani aliwapania. Watazamaji wakigoma kusema, alifikiri, Mfumaji hatakuwa na cha kufuma. Na watu hugoma wakiona aibu. Basi Ijumaa alimvika Mzee Mloka shati jipya, akambeba hadi ukumbini, akamkalisha safu ya mbele.

Mzee Mloka hakuwa ameona picha-hewa maishani mwake. Masikio yake yalikuwa mazito, na macho yaliona ya mbali tu. Mzee wa picha alipotokea, alishika mikono ya kiti kwa nguvu. Mfumaji alikuwa amemtilia ndevu nzuri na kifua cha kiume, na mluzi haukuwepo tena, kwa kuwa watazamaji waliukataa. Mzee wa picha alitambaa kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alifika karibu na kikombe, akaishiwa nguvu, akajaribu tena. Halafu mlango ukafunguka na kijana mtanashati mwenye begi akaingia, akarusha begi, akapiga magoti, akamnywesha, na Kobelo akajua kwamba huyo alifumwa kutokana naye. Picha ikazimika.

Taa ya njano iliwaka. Kabla Bi Asumini hajafungua kinywa, Kobelo alisimama mbele yao wote.

"Mzee mliyekuwa mnamtambaza ni huyu hapa," alisema. "Ni mjomba wangu. Hakuna mwigizaji. Kila tulichosema hapa alifanyiwa kwake, na wa kusema maji yawekwe mbali nilikuwa mimi. Mtazameni vizuri. Halafu anayetaka kusema aseme."

Mihayo alikuja hadi mbele, akamwangalia mzee, akaangalia viwiko vyake ambavyo bado vilikuwa na magamba ya vidonda. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote mbele ya maiti, lakini huyu alikuwa hai, na Mihayo alivua kofia. Bi Asumini alivuta khanga akafunika mdomo. Kwa muda huo mfupi Kobelo aliamini kwamba imekwisha, kwamba bakuli lile litaning'inia pale bila kuambiwa kitu mpaka lishike kutu.

Mzee Mloka hakuwa amesikia hata moja. Macho yake yalikuwa bado pale hewani, mahali alipokuwa yule mzee mwenye ndevu.

"Mbona wamekata?" aliuliza, kwa sauti kubwa ya viziwi. "Wamemnywesha mapema. Yule alikuwa bado ana nguvu."

Mtu mmoja wa nyuma alijizuia, akashindwa, akacheka. Mwingine akafuata. Chini ya khanga, mabega ya Bi Asumini yalianza kutikisika.

"Mzee kasema kweli," alisema mtu. "Yule kijana amekuja haraka mno."

"Asije kabisa," alisema mwingine.

Taa ikageuka kijani.

Kobelo alitazama nje ya dirisha. Milima ilikuwa imeingia ukungu, na nyuma ya ukungu huo karibu kila nyumba yenye mzee ilikuwa na muuguzi-chuma. Alisikia shati lake likivutwa.

"Mjomba," alisema Mzee Mloka, uso umechangamka. "Ijumaa ijayo tuwahi. Tukae hapa hapa mbele."