Amri Iliyokatishwa Njiani

Diski ile ilikuwa imechomolewa waya zote, imelala mezani juu ya kitambaa, na bado ilikuwa inazunguka.

Sindano aliiwekea kiganja. Ilikuwa ya moto, na ndani yake kitu kilikwaruza, kwaru, kwaru, kama ukucha kwenye bati. Jina la Sindano alipewa na kaka yake, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Kaka mtu mwenyewe aliitwa Kifaru, na alikuwa fundi wa mitambo katika ofisi walimofanya kazi wote wawili, iliyohifadhi picha za vipimo vya hospitali.

"Ina shetani hiyo," Kifaru alisema.

"Shetani ni wewe uliyeiunga vibaya."

Lakini hakucheka. Siku hizo picha zilikuwa zinaingiliana. Pafu la mzee lilionekana ndani ya kifua cha mama mjamzito. Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Yeye ndiye aliyeandika draiva, programu inayopeleka amri kwenye diski na kupokea majibu. Diski ikichelewa, draiva iliikatisha amri: acha! Papo hapo nafasi iliyotengewa kazi hiyo ilipewa kazi nyingine.

"Na diski ikija kumaliza baadaye?" Kifaru aliuliza. "Si itamwaga mzigo kwa mpangaji mpya?"

"Mara mojamoja. Nikisubiri ijibu kwamba imeacha, kila kitu kinasimama. Bosi anataka mbio."

Alisogeza kikombe. "Kaka, nimwagie chai hapa, ya moto kabisa. Basi, acha, naitwa."

Aliinuka kwenda kwa Bosi. Mhasibu, mtu wa masihara, akajibwaga kwenye kiti chake. "Leo na mimi niwe mtaalamu!"

Birika lilikuwa pembeni, halijaguswa na mtu. Liliinuka lenyewe, likapita juu ya meza, likapinduka. Mhasibu alipiga ukelele, na Kifaru alipomvua shati, ngozi ya shingo ilitoka pamoja na kola. Chumba kilinuka vumbi lililoungua. Sikioni mwa Sindano, aliyekuwa hajafika hata mlangoni, karibu mno, sauti kavu ilinong'ona:

"Tayari."

Waliomsikia mhasibu walikuja mbio, Bosi mbele. Sindano aliwaona wakija. "Kaka, funga mlango, wasijazane humu. Basi, usifunge, Bosi anapita."

Kifaru alikuwa mbali na mlango, mikono yote miwili imemshika majeruhi. Mlango wa chuma ulijifunga kwa kishindo kilichotikisa ukuta. Bosi alibaki upande wa nje akilia kama mtoto. Vidole vyake vilibaki upande wa ndani.

"Tayari," ilisema ile diski iliyokufa.

"Umesikia?" Sindano alinong'ona.

"Nimesikia. Dada, usiseme neno."

Hapo ndipo Sindano alipoelewa. Kila alichoagiza akakirudisha kilikuwa kinatendeka, na kilimpata yeyote aliyekuwa amekaa mahali pale. Akaanza kujikumbusha alichokisema tangu alfajiri. Asubuhi panya alikuwa ameingia kwenye kochi la sebuleni. Mumewe alishika nyundo, naye akapiga kelele: mponde kichwa! Kisha akasema basi, acha, utaharibu kochi.

Na saa hiyo, kama kila mchana, mama mkwe wake alikuwa amejilaza kwenye kochi lile kwa ajili ya magoti yake.

"Nyumbani," alisema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Majeruhi waliwaachia wenzao. Njia nzima hakumwambia kaka yake hata kata kona.

Walisikia vishindo tangu uani, vizito, vya taratibu, kama mtu anayetwanga, na waliposukuma mlango harufu ya chuma cha moto iliwapiga usoni, na wakaona kochi limepasuka mgongo, sufi na damu vimetapakaa hadi darini, na mama mkwe yuko sakafuni kwenye pembe, sikio moja limening'inia, amejikinga kwa kiti cha mbao kilichobaki vipande, na nyundo ileile ya asubuhi inapanda na kushuka hewani bila mkono wa kuishika, ikitafuta kichwa chake.

Kifaru alijirusha. Nyundo ilimpata mkononi, mfupa ukachomoza, akaanguka.

"Acha!" Sindano alipiga kelele akigeuka kumkimbilia kaka yake. "Acha! Acha!"

Kila acha, nyundo ilishuka kwa nguvu zaidi.

"Mjinga wewe!" mama mkwe alifoka, damu mdomoni. Kabla magoti hayajamharibikia, mama huyo alikuwa akiwapunga watu wenye majini kwa moshi wa ubani. Sindano aliita kazi hiyo biashara ya moshi. "Jini harudishwi kwa kisogo! Mtazame! Mwambie aache, halafu ungoje akujibu! Kwenye hizo diski unazotusimulia kila usiku umemwachia kazi nusunusu elfu kwa siku, umemjengea mji, sasa unamkimbia?"

Sindano alirudi. Alipiga magoti mbele ya mkwe wake, akaweka kiganja juu ya kichwa kile chenye mvi, akaitazama hewa iliyokuwa ikitetemeka kwa joto juu ya nyundo.

"Niliyekutuma ni mimi. Acha kazi hii. Nakungoja unijibu."

Nyundo ilishuka. Alisikia mifupa ya kiganja chake ikisagika, na hakukiondoa. Ilipanda tena. Alitaka kurudia maneno yake, alitaka kukimbia, alitaka kumwita mama yake aliyekwisha kufa, lakini vidole vya mkwe vilimbana mguu, usiseme, ngoja, na alingoja, mkojo ukimtoka, nyundo ikining'inia juu yake, mpaka ile sauti kavu ikasema kwa shida, kama kitu kinachong'olewa:

"Nimeacha."

Nyundo ilianguka sakafuni.

"Mama," Sindano alilia, "mama, nisamehe."

"Nyamaza. Hajaondoka. Muulize kama ana kazi nyingine."

Aliuliza. Akangoja.

"Zako zimekwisha," sauti ilisema, sasa kutoka chumba cha kulala cha Sindano na mumewe. "Nina moja ya mumeo."

Sindano na mama mkwe walitazamana. Nje geti lililia. Mume aliingia na mkoba wake, akaona damu ya mama yake, akaona mkono wa mkewe, akaona shemeji yake amezirai.

"Mungu wangu! Nani kafanya hivi?"

Sindano hakumsogelea.

"Mume wangu," alisema polepole, "tukiwa tumegombana, uliwahi kusema nifanywe nini, halafu ukajirudi?"

Mkoba ulimponyoka yule bwana. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akaanza kurudi nyuma, macho kwenye mlango wa chumba cha kulala.