Sahihi ya Jumamosi

Jumanne, tarehe tatu Juni, saa nane na dakika arobaini mchana, Patricia Cibalonza alikuwa akimwaga maji machafu kwenye mfereji wa uwanja wa mabasi wa Newburg, mjini Louisville, aliposikia kishindo kama cha tairi lililopasuka. Aligeuka. Moshi mweupe ulikuwa ukifuka chini ya basi la umeme namba sita, na ndani, kwenye siti za nyuma, mdogo wake Murhula, aliyekuwa akifagia humo, alikuwa akipiga kioo kwa viganja.

Cibalonza aliuvuta mlango mpaka kucha zikamng'oka. Haukusogea. Umeme wa basi ulikuwa umekatika, na kishikio cha dharura kilikuwa mbele, katikati ya moshi. Rudasingwa, dereva, alikuja mbio na kipande cha chuma akavunja dirisha la nyuma. Walimtoa Murhula mikono imeungua mpaka viwikoni, sauti haitoki. Dakika nne baadaye basi zima lilikuwa linawaka.

Kesho yake mpelelezi wa zimamoto, Bi. Hensley, alimketisha Cibalonza kwenye ofisi ya uwanja.

"Ndugu yako anavuta sigara?"

"Anavuta. Si ndani ya basi."

"Tumekuta kiberiti chake cha gesi kwenye siti ya nyuma."

"Kilimwanguka mfukoni alipokuwa anapigania roho yake. Na betri je? Mwezi wa tatu kiwanda kilileta barua. Kilisema betri za mabasi haya zinaweza kuwaka, tusizijaze umeme zaidi ya robo tatu mpaka zibadilishwe."

Bi. Hensley alifungua faili. Mabasi yote manane yalikuwa na fomu ya matengenezo. Ya namba sita ilisema: betri mpya, Jumamosi tarehe 17 Mei, saa tano asubuhi, karakana ya uwanja huu, na chini yake sahihi ya kompyuta ya fundi Salomon, iliyowekwa siku hiyo kwenye kompyuta ya ofisi hii kwa kitambulisho chake cha kazi.

"Betri iliyoungua imeyeyuka, namba zake hazisomeki," alisema mpelelezi. "Karatasi ziko sawa. Kama betri ilikuwa mpya, moto ulitoka kwingine. Ijumaa napeleka faili kwa mwendesha mashtaka."

Alhamisi asubuhi, Kabera aligonga mlango wa Cibalonza. Alikuwa msimamizi wa uwanja na mzee wa kanisa. Miaka sita iliyopita ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, akawatafutia nyumba, akawapa kazi. Familia thelathini za Wakongomani wa Newburg na Highview zilikuwa zimepita mikononi mwake vivyo hivyo. Alikaa, akaweka karatasi mezani.

"Bon, Mama Cibalonza, unisikilize muzuri. Murhula akubali tu kama alivuta sigara. Ni accident, hakuna mutu alikufa. Atie signature, dossier, ile faili, itafungwa."

"Na kama haiko yeye?"

"Donc iko nani? Betri ni mpya. Akikataa, watafunga uwanja. Familia makumi tatu zitakula nini?" Alisimama. "Kesho saa nane, uniletee jibu."

Cibalonza aliitazama karatasi ile mpaka chai ikapoa. Mdogo wake hakuwa raia bado. Akikiri kuchoma basi, nani angemtetea? Asipokiri, watu wote waliokula naye wangemwita mwizi wa mkate wao. Huku ukuta, kule ukuta.

Akaamua kumpigia Salomon, aliyekuwa amehamia Buffalo.

"Mimi?" Salomon alishangaa kwenye simu. "Tangu tarehe kumi mwezi wa tano niko huku North Buffalo. Tarehe kumi na mbili nilianza kazi kwa usine, kiwanda cha huku. Nikutumie carte ya kazi uone tarehe?"

"Nitumie. Na badge yako ya hapa?"

"Niliiacha kwa ofisi, juu ya meza. Nani aliokota, sijui."

Kadi ilifika baada ya dakika mbili, na tarehe zilikuwa kama alivyosema. Basi mtu mwingine alitumia kitambulisho chake. Nani? Cibalonza, ambaye husafisha ofisi ile kila siku ya kazi, alijua kwamba Jumamosi imefungwa, na funguo ni mbili tu: ya Kabera na ya Rudasingwa.

Mawazo yake yakamwangukia Rudasingwa. Kwa nini alikuwa na chuma mkononi upesi vile? Lakini Jumamosi ile Rudasingwa alikuwa ameipeleka kwaya Columbus, kwenye harusi, na Cibalonza mwenyewe aliimba huko. Alipofika kazini akasoma orodha ya safari ukutani: *17 Mei, Columbus, basi namba mbili, dereva Rudasingwa.* Mwandiko wa Kabera.

Namba mbili. Alikuwa na hakika? Alifungua picha za simu yake. Wanawake wa kwaya, vitambaa vya manjano, mlango wa kanisa la Columbus, na nyuma yao basi lenye namba ubavuni. Akaikuza picha.

Ilikuwa namba sita.

Alimfuata Rudasingwa kwenye mabasi.

"Eh, ni kweli," alisema dereva, akiangalia chini. "Asubuhi namba mbili ilikuwa na tairi imeisha pumuzi. Nilikamata sita. Papa Kabera sikumwambia, niliogopa atakasirika. Na hakuniuliza."

Ijumaa saa nane kamili Cibalonza aliingia ofisini. Nyuma yake walikuwa Rudasingwa na Bi. Hensley, aliyekwisha kuonyeshwa picha na kadi. Kabera alinyoosha mkono.

"Umeleta karatasi?"

"Nimeleta swali, Papa. Ile Samedi ya tarehe 17, chorale ilienda Columbus na basi gani?"

"Namba mbili. Niliandika mwenyewe kwa liste."

"Na namba sita?"

"Ilibakia hapa. Salomon alibadilisha betri."

"Ulimuona?"

"Na macho yangu."

Cibalonza aliweka simu mezani. "Salomon alikuwa Buffalo siku saba. Na namba sita ndiyo hii, iko Columbus, saa nne na dakika hamsini na mbili. Dakika nane mbele ya saa tano ya ile fomu."

Kabera aliitazama picha, kisha orodha ukutani, kisha Rudasingwa.

"Nilibadilisha basi, Papa," alisema Rudasingwa polepole.

"Aliyeandika ile fomu hakujua kama sita imetoka," Cibalonza aliendelea. "Sisi wa chorale tulijua. Rudasingwa alijua. Funguo ni mbili, Papa. Mwenye moja alikuwa na sisi Columbus."

Nje mashine za kuchajia zilikuwa zinanguruma.

"Muulize," Bi. Hensley alimwambia Cibalonza, "mabasi mangapi yalibadilishwa betri kweli?"

Cibalonza alitafsiri. Kabera alifunika uso.

"Hakuna. Hata moja." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Betri mpya zitafika mwezi wa nane. Depo, ile ghala tunabebea wafanyakazi, ilisema mabasi yasipokuwa tayari mwisho wa mwezi wa tano, watatafuta wengine. Ningesema nini kwa watu nilileta mimi mwenyewe? Nilijiambia miezi mitatu tu, Mungu atatulinda. Niliacha wazijaze mpaka mwisho, juu na robo tatu mabasi hayakumaliza safari zote."

"Na Murhula?"

"Nilijua haiko yeye."

Rudasingwa alikuwa ameshatoka mbio kuchomoa nyaya. Cibalonza alihesabu kupitia dirishani: mabasi sita. "Namba nne iko wapi?"

Kabera aliangalia saa.

"Highview. Na watu makumi tatu na moja. Chimène iko ndani."

Mke wake. Kabera aliinyakua simu kabla mtu hajasema neno, akampigia dereva. "Simama! Simama pale uko! Fungua milango, ushushe watu wote, waende mbali!"

Walisikia dereva akiuliza kuna nini, milango ikipumua, miguu, mtoto akilia. Kisha: "Wameshuka wote, Papa." Kabera alijikalisha sakafuni.

Namba nne haikuwaka. Walipofungua sakafu yake waliikuta betri ile ile ya zamani, na kwenye mabasi mengine pia. Yote yalivutwa kwa kreni. Polisi walipomchukua Kabera, alisimama mbele ya Cibalonza.

"Watu watakosa kazi juu yako."

"Papa, ulikuwa tayari kuwapa polisi Murhula."

Kazi zilikwisha kweli. Jumapili, nusu ya kanisa haikumsalimu. Cibalonza naye alikaa nyumbani, akijaza fomu za kazi za maghala mengine, akijua jina lake limetangulia kila mahali.

Wiki iliyofuata, Chimène alikuja hospitali na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na ugali wa fufu. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Murhula, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, alijiinua kitandani.

"Yaya," alimwambia dada yake, "mupe kiti."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye bandeji. Chimène alinawa, akafinyanga tonge, akamlisha.