Gari la Nyuma

Gari jeusi lilizimika katikati ya mzunguko wa soko, saa ya watu kutoka kazini, na honi zikalizomea kama mwizi. Lilikuwa refu, linang'aa, limefungwa utepe mweupe na maua ya harusi. Sasa lilikuwa limekaa chini kwa nyuma kama ng'ombe aliyegoma. Kijana mmoja akashuka: suti ya kijivu, viatu vilivyochongoka, jasho limefika mpaka kwenye tai.

Nyuma yake, ndani ya kigari chekundu kilichopauka, alikuwapo fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi.

"Mheshimiwa!" akaita, kichwa dirishani. "Limekufa au linatubu?"

"Kompyuta yake tu imewasha taa, dada."

"Langu halina kompyuta. Likiumwa linakohoa, nami nasikia."

"Hili ni gari la kifahari, dada yangu."

"Ndiyo maana lina deko. Bibi harusi yuko wapi?"

Kijana akatazama saa yake. "Ananisubiri."

"Basi panda Kobe, hiki kigari changu. Na hayo magauni ya wateja kwenye kiti uyapakate, ole wako uyakunje!"

Bibi harusi yule alifika kanisani ndani ya Kobe, akicheka. Kuanzia hapo, simu ya Sindano haikupoa; kijana yule alimpigia kila siku.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Jeusi lako limeamka?"

"Bado liko gereji."

"Lipelekee matunda basi, masikini. Mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Mheshimiwa, kama Sindano alivyozidi kumwita, alikuwa akikodisha magari kwa maharusi, na hakukubali kushindwa. Siku moja alimpakia ndani ya lile jeusi, akamzungusha mji mzima. Kiti cha ngozi kilimkumbatia, injini haikusikika, na Sindano nusura asinzie. "Sawa, likiwa zima ni wingu," alikiri. "Lakini lina vikorokoro mia, na kila kikorokoro kina siku yake ya kuugua."

Kisha dada yake Mheshimiwa akapata mchumba, na siku ya harusi ikapangwa.

"Jumamosi njoo harusini, mpenzi," Mheshimiwa akamwambia Sindano. "Njoo na Kobe."

Sindano alijishonea gauni la kijani, mabega wazi. Alimwosha Kobe mpaka kwenye matairi, akamfunga utepe na maua ya manjano. Leo nitatambulishwa kwao, aliwaza njia nzima.

Mheshimiwa alimpokea nje ya geti. Hata gauni hakulisifia. Akaanza kufungua utepe.

"Maua hapana, mpenzi. Wewe kaa pale baada ya kona. Msafara ukipita, fuata kwa mbali. Jeusi likizingua, nakupigia."

Ndipo Sindano alipoijua siri ya kazi ile: kila gari la kifahari la harusi hufuatwa na gari la bei nafuu, lililofichwa, ili bibi harusi asije akalala njiani.

"Kumbe nimeitwa kuwa tairi la akiba?"

"Si hivyo! Ni mama na wageni wake... unajua alivyo."

"Nitamjulia wapi? Umewahi kunipeleka?"

Akampokonya utepe na maua, akageuza gari. Simu iliita mpaka ikachoka.

Jumatatu mchana Mheshimiwa aliingia dukani kwa Sindano kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Jeusi lilifika salama," akasema. "Halikukohoa hata mara moja."

"Hongera zake."

"Mimi ndiye niliyekwama. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu siku nzima. Nataka kukuoa, Sindano."

Sindano akakata uzi kwa meno. "Mbele ya watu, au kule kwenye kona? Mpigie mama yako. Weka spika."

Akapiga. Sindano akaichukua simu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule fundi mwenye gari jekundu."

"Marahaba, mwanangu! Ndiye wewe ninayesimuliwa kila siku? Jumamosi nimekutafuta mpaka shingo imekakamaa."

"Niliambiwa nijifiche, mama, kwa ajili ya wageni wako."

"Mimi nilimwambia alete gari linalofika," mama akasema polepole. "La kuficha mtu halikutoka kinywani mwangu. Huyo kijana yuko hapo?"

"Yupo, anasikia."

"Asikie vizuri. Nawasubiri."

Mheshimiwa alitazama viatu vyake. "Niliona haya," akasema. "Nikamsingizia mama. Kazi yangu ni kung'aa, nikaogopa watacheka."

"Na wacheke." Sindano akamrushia utepe na yale maua, yamenyauka kidogo. "Mfunge Kobe. Hapo hapo barabarani."

"Mtaa mzima unatazama, mpenzi."

"Ndiyo ninavyotaka."

Akapiga magoti na suti yake mbele ya Kobe, akafunga. Mwenye duka la jirani akapiga kigelegele.

Walipita katikati ya soko taratibu wakielekea kwa mama, Sindano akiendesha, dirisha wazi. Kwenye ule mzunguko Kobe akakohoa, na watu wakageuka. Mheshimiwa akakakamaa.

"Tulia," Sindano akasema. "Anasafisha koo."

Mheshimiwa akawatazama watu. Kisha akanyoosha mkono mpaka kwenye usukani na kupiga honi yeye mwenyewe, ndefu, bila kuiachia, mpaka soko zima likajua ni nani anayepita, na anapita na nani.